Madam wa Vizibo

Niseme mapema kwamba Madam ni mwizi. Nikianza na sifa zake nzuri, yeye mwenyewe atasema nimehongwa. Hajawahi kuiba shilingi wala kuku. Anachoiba ni vijiti vya maua. Akipita penye bustani ya mtu, awe anamjua au hamjui, mkono wake unapenya kwenye ua wa michongoma, unavunja kijiti na kukificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Nyumba yake ya Lanet imezungukwa na maua ya mji mzima wa Nakuru, na ukimtembelea anakuonyesha moja moja na kukutajia mwenyewe: hili la daktari wa meno, hili la mzee wa kanisa, hili la yule mama aliyenikataza.

Yule mama aliyemkataza alimfuma mkono ukiwa bado ndani ya michongoma. Madam hakuutoa. Alimwambia kwa upole, "Sijaiba, mama. Nimenakili. Kwani yako haiko hapo?" Mama wa watu alirudi ndani akifikiria, na kesho yake akamletea kijiti kingine, cha rangi ya waridi.

Kunakili ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alitufundisha bayolojia katika shule ya wasichana upande wa Njoro, kwenye baridi, kisha akahamishiwa shule nyingine mjini, na huko akazeekea. Walimu wengine wa kike walikuwa na majina baada ya Madam. Yeye alikuwa Madam peke yake, na mtu akinong'ona "Madam anakuja" kila msichana alijua ni yupi na akaficha alichokuwa anakula. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe la maabara lililoungua kiwiko, na chini ya koti alivaa sweta mbili. Hakupaza sauti hata siku moja. Alikuwa anaipunguza, na alipofika pale ambapo ilibidi uache kupumua ndipo umsikie, ulijua umekwisha.

Hakupenda mashine ya fotokopi. Shule ilipoinunua, wenzake walishukuru Mungu, naye akakataa kuigusa. Alisema ni kifaa kisichojua kukosea, na kitu kisichojua kukosea hakiwezi kumfundisha mtu jambo lolote. Wakati huohuo, ukiandika noti zake na ukaruka hata mstari mmoja, alikurudishia daftari uandike ukurasa wote upya. Nilimuuliza siku moja mbona anapenda makosa na anayachukia. Alinitazama juu ya miwani. "Ninayapenda yakiwa kwa kamba. Kwa daftari yangu sitaki ujinga."

Hiyo kamba nayo inahitaji maelezo. Kila mwaka kidato cha pili kilipofika kwenye somo la urithi, Madam aliingia darasani na kamba ya katani iliyotungwa vizibo vya soda mia moja na ishirini. Vilikuwa vimetobolewa katikati kwa msumari na kupakwa rangi nne: nyekundu, kijani, buluu na manjano. Alichagua wasichana watano. Wa kwanza alipewa ile kamba, debe la vizibo, na kipindi kimoja cha kutunga nyingine iliyo sawasawa nayo. Wa pili hakuruhusiwa kuiona kamba ya Madam. Alinakili ya wa kwanza. Wa tatu alinakili ya wa pili, na kuendelea. Kamba ya msichana wa tano iliwekwa hadi mwaka uliofuata, na kidato cha pili kilichokuja kikaanzia hapo. Ile ya asili, aliyoitunga mwenyewe akiwa mwalimu mgeni, ilifungiwa kwenye sanduku la bati pamoja na za miaka yote.

Kwa hiyo kamba tuliyokabidhiwa sisi haikuwa ya Madam hata kidogo. Ilikuwa ya dada zetu waliotutangulia na waliowatangulia wao, pamoja na usingizi wao, haraka yao na njaa yao ya saa saba.

Mwaka wetu mimi nilikuwa mmoja wa wale watano, na tulifanya upumbavu ambao watoto waliolelewa kwa kiboko peke yao ndio wangeufanya. Tulitoka shule za msingi ambako hesabu moja mbaya ilikuwa fimbo moja, mbili mbaya fimbo mbili. Tukakubaliana wenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba tutakaguana. Wakati wa mapumziko tulijifungia kwenye stoo ya majembe, tukalaza kamba zote tano pamoja na ile tuliyopewa, na kila palipokuwa na kizibo kisicho mahali pake tukakirekebisha. Tulimletea Madam kamba tano zisizo na doa, tukasimama mbele yake tukingoja kupongezwa.

Alizihesabu. Akarudia. Sauti yake ikaanza kushuka.

"Nani aliwafundisha kuogopa hivi?" akauliza.

Akaziangusha zote tano mezani.

"Hakuna kiumbe anazaliwa hivi. Hii ni kuchapisha. Fungueni zote."

Tulizifungua zote na kuanza upya, kila mmoja akiwa ametazama ukuta wake. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoona darasa likiadhibiwa kwa kupata yote. Mimi, kwa hasira na vidole vya baridi, nilitunga vizibo vyekundu vinane mahali palipotakiwa saba, na Madam alipoviona alinishika bega na kusema asante. Sikuwa nimewahi kushukuriwa kwa kukosea. Nilikwenda bwenini nikijiona mtu wa maana sana.

Mwisho wa somo sanduku lilifunguliwa, na kamba za miaka yote zikalazwa sakafuni, ya asili juu, yetu chini. Tulidhani makosa yatakuwa yametapakaa kila mahali sawasawa. Hayakutapakaa. Mwanzoni mwa kamba palikuwa safi karibu miaka yote, kwa sababu hapo kila mtu bado yuko macho na mwalimu bado anachungulia. Kuelekea katikati, yalipokuwa mavurugo ya rangi yasiyoshikika akilini, palichafuka. Na palikuwa na mahali vizibo saba vyekundu vilifuatana, ambapo karibu kila darasa liliteleza. Huyu sita, huyu vinane, na mmoja alifika kumi na bado alikuwa anaendelea kengele ilipolia. Madam alipaita Utelezi.

Makosa yenyewe nayo yalikuwa na zama zake. Katika kamba za zamani kijani na buluu zilibadilishana ovyo, maana maabara ilikuwa na dirisha moja tu. Umeme ulipoingia, kosa hilo likapotea, likaja lingine: mkebe mpya wa rangi ya kijani ulikuwa wa bei nafuu, ukapauka, watu wakaanza kuuchanganya na manjano. Baadaye, alipohamia mjini, alikuta wasichana wa huko wana haraka na wanaruka vizibo, ilhali sisi wa baridini tulikuwa tunaongeza. "Nipe kamba yoyote bila tarehe," alisema, "nikuambie ni ya mwaka gani na ya shule gani. Kwa makosa yake tu."

Siku ile ya kwetu alifunga sanduku, akalikalia, na kutuambia kwamba ndani ya kila mmoja wetu kuna kamba ambayo ingekuwa ya vizibo ingezunguka dunia na kubaki. Nayo ina sehemu zake zenye ulinzi na sehemu zake za kuteleza. Kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka, aina fulani ya mabadiliko ilizidi kwa watu wa upande mmoja wa dunia kisha ikapungua, na kwingine ikawa nyingine, na wasomi mpaka leo wanakuna vichwa wakiuliza ni taa gani iliwashwa, ni mkebe gani ulibadilishwa. "Na kila mtu hapa," akamalizia, "ako na yake mapya, makumi kadhaa, yenye baba hana na mama hana. Usijione msafi." Tulitazamana. Msichana aliyekaa karibu nami alijipapasa shingo kama aliyepotelewa na kitu.

Mtu wa namna hiyo ungedhani haamini mambo ya bahati. Basi Madam hapandi viazi Jumanne. Aliwahi kupanda Jumanne mara mbili na mara zote mbili vikapigwa na baridi, na ukimwambia kwamba mara mbili si ushahidi, kama alivyotufundisha yeye mwenyewe, anakuambia ushahidi ni wa darasani na viazi ni vya kula. Anasali pia, tena kwa bidii, na anaimba sauti ya tatu kwaya ya kina mama. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye jeraniamu yake nimeiona Lanet kwa macho yangu, alimsimamisha baada ya ibada akamuuliza mbele ya watu kama bado anafundisha watoto kwamba Adamu hakuwepo.

"Adamu namheshimu sana," Madam akajibu. "Ndiye mwanamume wa kwanza kunakili. Ona alivyotuacha."

Mzee alienda zake. Mpaka leo hajui kama alitukanwa.

Yote hayo yalikuwa ya kuchekesha, na kwa miaka mingi Madam alikuwa kwangu hadithi ya kuwasimulia wateja. Nina kibanda cha kushona pale Molo, sare za shule na sketi za kanisani. Niliolewa Kuresoi, kwa mwanamume aliyekuwa na miaka hamsini na moja wakati mimi nina ishirini na sita. Alikuwa amekawia kuoa kwa sababu ya viazi. Kila msimu alisema ataoa baada ya kuvuna, na kila akivuna akaona bei ni mbaya, angoje msimu mwingine. Ni mtu mpole. Nilimpenda na bado nampenda.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Kwetu msichana wa kwanza huzaliwa na jina tayari, la mama ya baba yake. Hakuna kuchagua wala kuulizana. Bibi akishapewa mjukuu wa jina lake anakaa kwa utulivu, kwa sababu anajua hatakufa akaisha. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho, alikuwa amengoja jina lake lipate mwenyewe kwa miaka ishirini, huku mwanawe wa pekee akihesabu magunia.

Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa kidogo, paji pana, mikono na miguu mifupi. Hospitalini walituambia ni hali ya mifupa. Hatakuwa mrefu, akili yake ni nzima, na tumpende. Hilo la mwisho sikuhitaji kuambiwa. Shosho alikuja na shali jeupe alilolifuma mwenyewe, akamfunua mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akamfunika. Jina hakulitaja. Tulingoja mwezi, tukangoja mwaka. Tukampa jina la ubatizo, lakini lile lingine, linalomfunga mtoto kwenye nyumba, halikuja. Mwishowe nikasikia kupitia kwa wake wa binamu za mume wangu kwamba kuna kikao. Ajenda ni mbili: kama kitu hiki nilikitoa kwetu, na kama ni hivyo, nirudishwe nacho huko.

Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuusema vizuri. Kufukuzwa ningevumilia, nina cherehani. Ila mtoto wangu kupita duniani akiwa hana jina la nyumbani, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni, hilo lilinikosesha usingizi.

Wiki hiyohiyo Madam aliingia kibandani na sketi ya kupunguzwa kiuno. Alikuwa amestaafu, amekuja Molo kutafuta mbegu za viazi, siku ya Jumatano. Alimkuta mtoto amekaa kwenye vipande vya kitambaa akilamba kifungo.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu, Madam."

"Bwana yako ako na miaka ngapi?"

Nilichukia. Nilidhani naye amekuja kunisimanga kwa kuolewa na mzee. "Hamsini na tatu sasa," nikamjibu bila kumtazama.

Madam akacheka mpaka akakaa kwenye meza ya pasi. Kisha akaona machozi yangu, akaacha ghafla, akaniomba nimsimulie. Nilimweleza yote, hadi siku ya kikao.

"Jumamosi," akasema. "Sawa. Mimi nitakuja na vizibo."

Nilidhani ni mzaha. Jumamosi hiyo wazee watatu, ndugu wa baba mkwe wangu marehemu, walikuwa wamekaa kwenye viti vya vitambaa, Shosho katikati, mume wangu karibu na mlango kama mshtakiwa, nami jikoni nikisikiliza. Maombi ya kufungua yalikuwa yanaendelea mlango ulipofunguka, na Madam akasema "Amina" kabla ya mwenye kuomba. Mgeni kwetu hafukuzwi kabla ya chai. Alilijua hilo vizuri. Alikaa, akanywa polepole sana, akaomba ya pili.

"Mwalimu," akasema mzee mkubwa alipoona debe, "sisi hatukukuja hapa kucheza na vizibo ya soda."

"Najua, mzee. Mmekuja kutafuta nani alikosea. Hiyo ndio kazi nimefanya miaka yangu yote. Hebu nisaidie kidogo, na chai bado ni moto."

Sijui ni sauti yake au ni uzee wao wa kupenda kushindana, lakini walikubali. Wazee watatu wenye makoti na kofia waliinamia vizibo kwenye meza yangu ndogo. Wa kwanza alinakili kamba ya Madam, wa pili akanakili ya wa kwanza, wa tatu akanakili ya wa pili. Ulimi wa mzee mkubwa ulitoka nje kidogo akihesabu. Nilitoka jikoni na mtoto mikononi nikasimama waziwazi, na hakuna aliyeniona. Chai ilipoa. Zilipolazwa mezani, Madam aliwaomba wahesabu vyekundu vinavyofuatana. Vyake vilikuwa saba. Mzee mkubwa alikuwa na vinane. Wa pili, kwa heshima ya kaka yake, alikuwa na vinane vilevile. Wa tatu alikuwa na tisa na akaapa kwamba ni vinane.

"Nani amewaroga?" Madam akauliza.

Wazee wakazihesabu tena.

"Nani ametoa hii kitu kwao akaileta hapa?"

"Hakuna mtu," akasema yule wa tatu, amekasirika. "Hapo panateleza tu."

"Asante, mzee. Hata daktari hangesema vizuri hivyo." Akasukuma kamba pembeni. "Huu ufupi wa mtoto ni kizibo kimoja. Kimoja tu. Na watu wa kila kabila, hapa na ng'ambo, wanateleza mahali hapohapo, tangu zamani. Hakuna nyumba iko na hiyo mahali pekee yake."

Mzee mkubwa alitafakari. Alikuwa hakimu wa ndugu zake kwa miaka mingi na hakutaka kumaliza kesi bila mkosaji. "Sawa. Lakini nani aliteleza? Baba ama mama?"

Angenyamaza ingekuwa heri kwake. Madam alingoja swali hilo tangu alipoketi.

"Mwanamke," akaanza, "alipewa mayai yake yote akiwa bado kwa tumbo ya mama yake. Alimaliza kazi kabla hajazaliwa. Mwanamume anaanza kunakili akiota ndevu, na haachi. Akiwa ishirini ananakili, akiwa arobaini ananakili, akiwa hamsini hapo, anangoja bei ya viazi ipande, bado ananakili tu. Huu ufupi, wazazi wakiwa warefu wote, karibu kila mara umetoka kwa kalamu ya baba."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Mume wangu alitazama dari. Shosho, ambaye hakuwa amesema neno tangu maombi, aliweka kikombe chini.

"Nilikuambia uoe ukiwa na thelathini," akamwambia mwanawe. "Ukasema viazi."

Hapo hata mzee mkubwa alishindwa, akacheka na kofia ikamdondoka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka. Na mume wangu, mtu asiyesema kwenye vikao, alisimama akaja kumchukua mtoto mikononi mwangu. "Kama ni mimi," akasema, "basi ni wangu kabisa." Neno hilo nimelihifadhi.

Iliamuliwa nibaki. Kuhusu jina, wazee walimtazama Shosho, naye akajifunga shali lake. "Jina ni langu," akasema, na kikao kikaisha bila hilo kumalizwa. Madam alibeba debe lake akaondoka ameridhika, kama mtu aliyepasisha darasa zima. Nilimshukuru kwa moyo wote, na bado nikamkasirikia. Maana alituachia neno moja. Wajukuu wa wale wazee walikuwa wamesimama dirishani, na tangu siku hiyo binti yangu aliitwa Kosa la Baba. Walisema kwa utani, na yeye alikua akilisikia kabla ya kujua maana yake.

Agosti iliyopita nilimpeleka Lanet. Ana miaka kumi na moja sasa, kwa urefu ananifikia kiunoni ila kwa maneno ameshanipita mbali. Tulimkuta Madam nje kwenye kiti, macho yameingia ukungu, anangoja siku ya kufanyiwa upasuaji. Maua yake anayajua kwa kuyagusa. Nilikuwa na habari njema ya kumpa, nikampa kabla ya chai: Shosho alikuwa ametoa jina.

"Lini?" akauliza, amekaa wima.

"Aprili. Walikuwa wanachagua mbegu za viazi. Huyu akamwambia Shosho anachagua vibaya, anachanganya zilizooza na nzima. Shosho akasema hajasemeshwa hivyo tangu mama yake afariki. Akamwita kwa jina lake mwenyewe, papo hapo, amletee debe lingine."

Madam hakufurahi kama nilivyotarajia. "Kwa hivyo vizibo zangu hazikufanya kazi."

"Zilifanya nibaki."

"Hiyo ni nusu ya alama," akasema, akanuna.

Binti yangu alikuwa akimkagua muda wote huo, amekaa kitini, miguu haifiki chini. "Madam," akasema, "ni ukweli mimi ni kosa?"

Nilitaka kumkatiza. Madam aliinua mkono nisiseme.

"Nani amekuambia?"

"Ni wewe. Ulisema kwa kikao. Kwetu kila mtu anajua."

Nilimwona Madam akitafuta jibu la kijanja, maana huwa analo, na nikaona ameliacha. "Nilisema," akajibu. "Na nilisema vibaya. Kosa ni kwa darasa, kwa sababu kuna mwalimu anasahihisha. Kwa watu hakuna mwenye anasahihisha. Kuna vile kamba ilikuwa, na vile iko. Basi. Pole, mama. Hilo neno lilinikaa mdomoni miaka mingi."

Nilikuwa nimebeba hasira ile miaka kumi, na nilishangaa jinsi ilivyoondoka bila kelele. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu pole, si mwanafunzi wala mwalimu mkuu. Binti yangu hakujua ukubwa wa alichopewa. Aliitikia kwa kichwa tu na kwenda kwenye swali lililofuata.

"Na mimi nikizaa?"

"Ukizaa ni kama kurusha sarafu, kila mtoto yake. Anaweza kuwa kama wewe. Anaweza kuwa mrefu kama mathe yako."

Binti yangu akaanza kuhesabu kwa vidole. "Msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana yangu, hiyo ni shauri yao. Wa pili ni wa mathe." Akanielekezea kidole cha pili. "Huyo atapewa jina siku hiyohiyo. Hakuna kikao."

"Hata akikuja mrefu?" Madam akauliza.

Binti yangu alinitazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka akafika kichwani.

"Akikuja mrefu," akasema, "tutamvumilia."